Boga la Mama Mkwe

Tucson, Arizona
Jumatatu, 6 Septemba 1954

Mkwe wangu Graciela,

Barua yenu nimeipata. Nyonga inapona, ahsante kwa kuuliza. Daktari anasema mwisho wa Oktoba naweza kupanda treni, ila Ruthanne binti yangu kila asubuhi wimbo wake ni mmoja: "Mama, kaa tu hapa, huku hakuna barafu ya kukuangusha tena." Nimemwambia huku hakuna chochote. Dirisha langu linatazama ua wa mchanga na miiba mirefu kuliko mtu. Septemba imefika na jua linaunguza tu. Wewe umezaliwa hapa, pengine unapaona pazuri. Mimi nimezaliwa Vermont na nina hamu ya kuona jani likigeuka rangi.

Nisikilize sasa. Jumamosi ya tarehe 2 Oktoba akina mama wa kanisa watapita nyumba kwa nyumba kutazama vibaraza. Utepe wa bluu nimeuchukua mimi miaka tisa mfululizo, na Dorcas Fogg wa ng'ambo ya barabara amekuwa wa pili miaka yote tisa. Sheria ni moja: hakuna cha dukani. Tangu kiwanda cha sufu kifungwe, sisi huku tunapamba kwa kinachoota, kinachookotwa na kilichozeeka. Ukinunua hata uzi, umetoka.

Mabua ya mahindi ataleta mzee Orrin Wadleigh, huniletea kila mwaka. Yafunge kwenye nguzo mbili za mbele, si zaidi. Ngazini weka maboga kutoka bustanini, boga moja kwa kila mtu wa nyumba, kwa umri, la mkubwa juu kabisa. La kwangu msilisahau, mimi bado ni mtu wa nyumba hiyo. Kiti changu cha bembea kiache kilipo.

Shada la mlangoni usihangaike nalo. Mlango ukae mtupu mwaka huu. Shada ni langu.

Mwambie Garrett avae soksi nzito. Ana mapafu mabovu, nadhani hakukuambia.

Mama yake,
Orpha Pettengill


Kilimani, Vermont
Jumapili, 12 Septemba 1954

Mama mpendwa,

Barua yako nimeisoma nimesimama wima kama askari! Garrett amecheka mpaka akamwaga chai. Soksi anavaa, tena jozi mbili, na mapafu tulishayazungumza kabla ya harusi.

Mzee Wadleigh alikuja Ijumaa na gari zima la mabua. Nilimkaribisha kahawa, akanywa vikombe vitatu na kula mkate wa mahindi niliotia pilipili, machozi yakamtoka, akaomba kipande kingine. Anasema miaka yote anashusha mzigo na kuondoka, hajawahi kukaa. Mama, mtu wa watu yule! Umemwachaje anaondoka na kiu?

Sijanunua kitu, naapa. Magunia ya chakula cha kuku nimeyafua nikashona mito. Makopo ya kahawa nimeyatoboa kwa msumari, nyota na mwezi, mshumaa ukiwa ndani yanapendeza. Pilipili nilizopanda Mei zimeiva, nimezitunga kwenye kamba ndefu kama afanyavyo mama yangu huko huko uliko, zimening'inia pembeni ya mlango. Majirani wanapita wanauliza hivi ni vitu gani. Kiti chako nimekisogeza mbele karibu na ngazi. Kule kwenye kona kilikuwa kama kimepewa adhabu.

Sasa ombi. Mlango mtupu, Mama, ni kama mtu asiye na meno ya mbele. Watu wote wananiambia habari za shada lako jekundu. Garrett anasema ulikuwa unatoka peke yako na kikapu, unarudi na majani ya mmea mtambazi, na hata yeye hukumwambia unayatoa wapi. Niambie mimi. Siri yako haitavuka kizingiti. Nataka watu wakisimama hapo waone mkono wako pia, siyo wangu tu.

Nakubusu mkono,
Graciela


Kilimani, Vermont
Jumamosi, 18 Septemba 1954

Shoga yangu Orpha,

Nimejizuia siku nne nisikuandikie, lakini urafiki gani huo wa kuficha? Mimi si mtu wa maneno, unanijua. Nasema nilichokiona tu, tena kutoka dirishani kwangu, sikwenda kuchungulia.

Kibaraza chako hukijui. Mabua yamefungwa kwenye nguzo zote nne. Mlangoni pananing'inia pilipili, naam, pilipili, kama jikoni. Watu wanasimama barabarani wanasifu. Mke wa mchungaji kasema mbele yangu, "Nyumba ya Pettengill haijawahi kupendeza hivi." Nikamwambia, na Orpha je? Akasema, "Orpha alikuwa na utaratibu wake." Utaratibu! Miaka tisa, shoga, leo unaitwa utaratibu.

Orrin Wadleigh haishi kwenda pale. Jumanne nilihesabu saa nzima na robo, kicheko kinafika mpaka kwangu.

Hili la mwisho nilitaka kulimeza, nimeshindwa. Ngazini kuna maboga matatu. La juu ni la wastani, la pili limepungua kidogo, na la tatu, Orpha, ni dogo kama chungwa. Nikajiuliza hilo ni la nani katika nyumba ile. Na kwenye kiti chako cha bembea wameweka sanamu. Kichwa ni boga kubwa, limevishwa shali yako ya kijivu na miwani yako ya zamani. Limekaa pale linatazama barabara, na watoto wa shule wanalipungia mkono wakicheka.

Mimi ningekuwa wewe ningelia. Lakini wewe ni jasiri. Nyonga yaendeleaje?

Akupendaye,
Dorcas Fogg


Tucson, Arizona
Alhamisi, 23 Septemba 1954

Mkwe wangu Graciela,

Umeniomba siri, haya, nakupa.

Nyuma ya kinu cha zamani, kule chini mtoni, kuna ukuta wa mawe. Mtambazi umeupanda wote, na wakati huu majani yake ni mekundu kupita chochote utakachokiona huko. Nenda Alhamisi ya tarehe 30, siyo kabla, yasije yakanyauka. Kata mashina marefu, yasokote kwa mikono mitupu. Usivae glavu, glavu zinaponda majani. Kazi hii inataka vidole.

Usimwambie Garrett. Iwe siri yetu wanawake.

Umesema nimemwacha mzee Wadleigh anaondoka na kiu. Miaka kumi na minne ya kwanza ya mabua yake mume wangu alikuwa hai, na baada ya hapo nilikuwa mjane katika mji mdogo. Kahawa ya mjane ina bei yake. Wewe huwezi kujua.

Nasikia maboga yenu yanapendeza.

Orpha Pettengill


Tucson, Arizona
Alhamisi hiyo hiyo

Dorcas,

Ahsante kwa kunifumbua macho. Nimelia, ndiyo, na nimemaliza.

Wivu ninao, sikufichi. Unanila tangu siku Garrett alipomshusha yule binti kwenye gari na yeye akaingia jikoni kwangu akafungua kabati la vikombe bila kuuliza liko wapi. Mwanangu kamchukua, sawa, ndiyo desturi ya dunia. Jiko kachukua. Sasa kibaraza, majirani, na Orrin ambaye kwangu hata kofia hakuvua! Mimi kaniachia kijiboga kama chungwa, na juu yake sanamu la kunicheka. Nikirudi Oktoba nitarudi kama nani? Nitabisha hodi kwenye mlango wangu mwenyewe?

Kaniomba siri ya shada. Nimemwelekeza ukuta wa kinu, akakate kwa mikono mitupu. Najua unacheka. Kwetu hata mtoto wa miaka minne anajua: majani matatu, pita mbali. Huku jangwani kwao upupu ule haupo, yeye atauona maua ya harusi. Atajikuna wiki mbili, hatakufa. Na Jumamosi akina mama watamkuta na mikono iliyovimba kama mkate wa mofa, na sumu imening'inia mlangoni. Hapo watakumbuka utaratibu wangu.

Ichome barua hii.

Orpha


Kilimani, Vermont
Jumatatu, 27 Septemba 1954

Mama mpendwa,

Jibu lako halijafika lakini siwezi kusubiri tena, nitapasuka. Nimekuwekea picha humu ndani, mzee Wadleigh katupiga kwa kamera ya mpwa wake. Itazame kwanza, kisha urudi kusoma.

Umeona ngazini? La juu ni Garrett. La pili ni mimi. Sasa lile dogo kama ngumi, unadhani ni la nani?

Machi, Mama! Daktari anasema katikati ya Machi. Nilijua tangu Julai ila mama yangu alinifundisha, usitangaze mpaka miezi mitatu ipite. Nikamwambia Garrett, tusimwandikie Mama kwa maneno matupu. Yeye ndiye aliyesema kila mtu wa nyumba awe na boga lake, basi atamwona mjukuu wake ngazini, kwa umri, wa mwisho chini kabisa. Garrett alilichagua mwenyewe. Alizunguka bustani nzima kama anayenunua ng'ombe.

Na wewe uko pale kitini. Ulisema la mkubwa liwe juu, nikaona ngazi ya juu haitoshi. Hilo ndilo boga kubwa kuliko yote, tulilibeba wawili. Nimelifunika shali yako lisipigwe na baridi, miwani ni wazo la Garrett, kaipata kwenye droo yako. Watoto wa shule wakipita wanasema, "Habari za asubuhi, Mama Pettengill!" Niliwafundisha mimi. Wasikusahau, na kiti kisizoee kukaa kitupu.

Nakuogopa kidogo, Mama, nakuambia ukweli. Nikigusa kitu chako chochote naona kama unanitazama. Ukirudi nionyeshe vikombe vinapangwaje. Siku ile ya kwanza nilivipata kwa bahati, nilikuwa natafuta mahali pa kuficha uso nisilie mbele yako.

Niandikie kuhusu shada. Nikikosa, mlango utabaki kibogoyo.

Mwanao,
Graciela


TELEGRAMU
Tucson, Ijumaa 1 Oktoba 1954, saa kumi na moja jioni

USIGUSE UKUTA WA KINU. MAJANI MATATU NI UPUPU. UKIWA UMEGUSA NAWA SABUNI SANA. MAMA


Kilimani, Vermont
Jumapili, 3 Oktoba 1954

Mama,

Telegramu yako imefika jana saa sita mchana, mtu wa posta akiipandisha ngazi nyuma ya mke wa mchungaji.

Nitakuambia yote kwa mpangilio, maana Garrett hawezi kuandika.

Alhamisi nilikwenda kwenye ukuta. Ni kweli ulivyosema, sijaona wekundu ule maishani. Nilikata kikapu kizima nikiimba. Nikasokota kwa mikono mitupu kama ulivyoniagiza, nikachanganya na maganda ya mahindi na pilipili mbili za kwangu katikati, ziwe mkono wako na wangu pamoja. Garrett alirudi kutoka kukamua ng'ombe, giza limeanza kuingia. Nilikuwa nimelishika nyuma yangu. Akaninyang'anya, akalivaa shingoni, akakimbia nalo uani akilia kama farasi aliyeshinda mbio. Alilibusu. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Ijumaa jioni shingo ilianza kumuwasha. Jumamosi asubuhi hakuwa na macho. Amevimba kuanzia paji mpaka kifuani, midomo imepasuka. Mzee Wadleigh alipofika aliutazama mlango, kisha Garrett, akasema, "Nani kaning'iniza kitu hicho?" Nilitaka kulitupa jikoni motoni, akanidaka mkono. Moshi wake ungeingia kwenye yale mapafu, kasema. Alilizika kwa koleo. Daktari amempa Garrett dawa, anasema wiki tatu. Atakuja kumtazama kila siku.

Mimi sikuwashwa hata kidole. Mzee Wadleigh anasema kuna watu ambao mara ya kwanza upupu hauwapati.

Mke wa mchungaji aliliona shada kabla halijaondolewa, akarudi nyuma hatua tatu. Utepe kapewa Dorcas Fogg. Alikuja kunipa pole nao ukiwa kifuani. Akanishika bega: "Pole mwanangu, mimi nilidhani ulishaonywa." Nikamuuliza, kuonywa nini, na nani? Akasema kaacha kitu jikoni kinaungua. Nikakaa ngazini nikaisoma tena barua yako. Alhamisi, siyo kabla. Mikono mitupu. Usimwambie Garrett. Nikasoma na telegramu. Mtu aliyezaliwa kwenye kilima hiki hakosei mmea huo, Mama.

Nina hasira. Naandika hivyo usije ukaniona malaika. Ningekuwa nimewashwa mimi, ningenyamaza na kukuchukia kimya kimya kama wakwe wengine. Lakini nimekaa siku mbili nikimlisha mwanao uji kwa kijiko, na anauliza, "Umeyatoa wapi majani yale, Chela?" Nimemwambia nilipotea njia. Anasema, "Laiti Mama angekuwepo, angekuonyesha." Hapo nilitoka nje.

Sitamwambia. Barua yako nimeiweka kwenye kopo la kahawa lenye nyota, juu ya kabati la vikombe. Ukitaka ajue, mwambie mwenyewe.

Picha uliipata?

Graciela


Tucson, Arizona
Alhamisi, 7 Oktoba 1954

Graciela,

Garrett hana macho, kwa hiyo barua hii umsomee wewe, kwa sauti, mpaka mwisho. Usiruke neno kwa huruma.

Garrett mwanangu. Mkeo hakupotea njia. Mimi ndiye niliyempeleka kwenye ukuta wa kinu, huku nikijua kinachoota pale. Nilitaka awashwe, aaibike mbele ya watu. Nilikuwa na wivu naye. Dorcas aliniandikia kuhusu maboga, nikaamini lile dogo ni mimi na lile la kitini ni dhihaka. Sikuuliza. Miaka tisa ya kushindana na Dorcas, bado nikamwamini yeye kuliko mke wako. Naye alijua siku nne nzima, dirisha lake linatazama mlango wako, hakuvuka barabara. Lakini yeye aliziba mdomo tu. Mkono ni wangu.

Ulipokuwa na miaka sita uliingia kwenye upupu ule nyuma ya zizi. Siku nane hukuona. Nililala sakafuni kando ya kitanda chako, nimekufunga mikono kwa soksi usijikune. Nilijua kuliko mtu yeyote duniani unavyokufanya. Na bado niliiandika barua ile, nikalamba na stempu.

Mchimba kisima huingia mwenyewe, watu husema. Afadhali ningeingia mimi.

Graciela, sasa siri ya kweli. Si ya mtoni. Nyuma ya nyumba ya kuku, ukuta wa kaskazini, uko mtambazi mwingine. Hesabu kila jani: yawe vidole vitano, kama mkono. Matano, siyo matatu. Yachovye kwenye nta ya vipande vya mishumaa vilivyobaki kanisani, yatabaki mekundu mpaka Krismasi. Sijawahi kumwambia mtu. Umwonyeshe na mtoto, akianza kutembea tu.

Picha niliipata siku ileile niliyotuma telegramu. Iko mbele yangu. Ruthanne ananiuliza kwa nini nalitazama boga na kulia.

Vikombe vipange upendavyo.

Boga lile livueni shali mlipike, baridi ikilipata litaoza bure. Treni yangu ilikuwa ya tarehe 25. Tiketi nimeiweka mezani, sijairudisha, sijaifunga kwenye mkoba. Mkisema nibaki huku, nitabaki, na sitauliza sababu.

Orpha


TELEGRAMU
Kilimani, Vermont, Jumatano 13 Oktoba 1954

GARRETT AMEFUNGUA JICHO MOJA. NIMESOMA YOTE. AMELIA NAMI NIMELIA. BOGA TUMELILA. KITI KITUPU. NJOO. CHELA